Mali bila Daftari: Kupanga Utafutaji wa Kazi kwa Zana za Mtandaoni

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwaonya hasa wafanyabiashara, lakini katika makala hii tunapenda kuielekeza kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho na kwa wahitimu wa Kiswahili walioko hapa Kigali. Nafasi ya kazi nayo ni mali. Huonekana leo kwenye simu, kesho ikafunikwa na ujumbe mwingine mia moja, na keshokutwa muda wake ukawa umepita. Aliyeiona hakuiandika popote, na hata hajui kwamba ameipoteza.

Lengo letu ni kueleza namna ya kutumia zana za mtandaoni, nyingi kati yake zikiwa za bure, ili kuweka utafutaji wa kazi katika mpangilio mmoja. Hatutazungumzia jinsi ya kuandika wasifu au barua ya maombi kwa kirefu, kwani hayo hufundishwa katika somo la uandishi. Tutazungumzia daftari.

Kwa nini mhitimu wa Kiswahili anahitaji daftari zaidi ya wengine

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi. Darasani tunazifundisha tarehe hizi kama ushindi wa lugha. Kwa mhitimu anayelipa kodi ya chumba Nyamirambo au Kimironko, hata hivyo, swali ni jingine: kazi hizo zinatangazwa wapi, nami nitazifikiaje kabla mlango haujafungwa?

Ugumu wenyewe ni kwamba kazi za Kiswahili hazitangazwi mahali pamoja wala kwa jina moja. Mhasibu hutafuta neno "mhasibu" na kazi ikamjia. Aliyesoma Kiswahili anaweza kuwa mwalimu wa sekondari, mfasiri, mkalimani, mtangazaji, mhariri, kiongozi wa watalii, mhudumu wa wateja katika kampuni ya usafirishaji inayopitisha mizigo Rusumo kutoka bandari ya Dar es Salaam, au mfanyakazi wa shirika linalowahudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi katika kambi kama Kiziba na Mahama. Kila mojawapo ya kazi hizi ina mlango wake, tarehe zake na nyaraka zake. Kichwa cha binadamu hakiwezi kuzibeba zote.

Hatua ya kwanza: orodha ya milango

Kabla ya kuomba kazi yoyote, andika orodha ya mahali utakapokuwa ukitazama, na siku utakazotazama. Kwa mtu aliyeko Kigali, tunapendekeza aanze na hii:

1. Tovuti ya ajira ya Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi (MIFOTRA). Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa humo, na mwombaji hufungua akaunti, hujaza taarifa zake na kuambatisha vyeti vyake. Ijaze mapema. Anayeanza kuijaza siku ya mwisho hukutana na mtandao uliozidiwa na waombaji wenzake.

2. Matangazo ya Bodi ya Elimu ya Msingi (REB) kwa wale wanaotaka kufundisha katika shule za serikali. Shule za binafsi hutangaza zenyewe, mara nyingi kwenye mitandao ya kijamii au kwenye ubao wa lango la shule.

3. Tovuti za matangazo ya kazi kama Job in Rwanda, pamoja na magazeti kama The New Times, ambamo mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni binafsi hutangaza.

4. Tovuti za Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake makuu Arusha, na za taasisi zake, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Soma vizuri masharti ya uraia na umri kabla ya kupoteza siku mbili ukiandaa maombi.

5. LinkedIn, ambako waajiri na wafasiri wengi wa kanda hii huonana. Ukurasa wako huko uandikwe kwa lugha ambayo mwajiri ataitumia kukutafuta.

Jumatatu na Alhamisi, kwa mfano, pitia milango yote mitano kwa saa moja. Siku nyingine soma, fundisha, fanya vibarua. Kuchungulia simu kila dakika kumi hakuongezi nafasi za kazi. Humaliza bando tu na kuchosha moyo.

Kutafuta kwa maneno yanayostahili

Hapa elimu yetu ya lugha inatufaa moja kwa moja. Mitambo ya kutafutia hutazama herufi ulizoandika. Ukiandika "Kiswahili" tu, matangazo yaliyoandikwa "Swahili" yanaweza yasikufikie, kwa kuwa waajiri wengi wanaotumia Kiingereza na Kifaransa huacha kiambishi "ki-". Tangazo la Kinyarwanda litaandika "Igiswahili". Basi tafuta kwa maumbo yote matatu.

Vilevile ubadilishe majina ya kazi. Andika mfasiri, mtafsiri na mkalimani, kisha uandike visawe vyake vya Kiingereza na Kifaransa, kwa sababu matangazo mengi ya Kigali huandikwa kwa lugha hizo hata kama kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Anayesoma matangazo ya nchi jirani akumbuke pia tofauti za matumizi: kile ambacho Tanzania huitwa "usaili", Kenya mara nyingi huitwa "mahojiano", na wasifu wa mwombaji huenda ukaitwa "wasifukazi".

Ukishapata maneno yako, yaweke kwenye huduma ya arifa. Google ina huduma ya bure inayotuma barua pepe kila ukurasa mpya wenye maneno uliyochagua unapoonekana, na tovuti nyingi za ajira zina huduma kama hiyo. Usiweke arifa ishirini. Tatu au nne zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Zaidi ya hapo utaanza kuzifuta bila kuzisoma.

Lahajedwali: daftari lenyewe

Lahajedwali ni programu ya majedwali yenye safuwima na safumlalo, kama vile Excel au Google Sheets. Tunapendekeza iliyo mtandaoni, kwa sababu utaifungua kwenye simu yako, kwenye kompyuta ya maktaba au kwa rafiki, na utaikuta vilevile. Simu ikiibwa Nyabugogo, daftari halipotei nayo.

Kila kazi iwe na safumlalo moja. Safuwima ziwe hizi:

- Jina la kazi, kama lilivyoandikwa kwenye tangazo
- Mwajiri na mji
- Mahali ulipoliona tangazo, na tarehe
- Tarehe na saa ya mwisho ya kutuma, kwa saa za Kigali
- Nyaraka zinazotakiwa
- Tarehe uliyotuma, na namba ya uthibitisho kama ipo
- Hali: sijatuma, nimetuma, nimeitwa kwenye mtihani, nimeitwa kwenye usaili, nimekataliwa, kimya
- Hatua inayofuata, na tarehe yake

Safuwima ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Isiwe tupu kamwe, ila kwa kazi iliyokwisha kufungwa. Ukiandika tu kwamba umetuma, umeandika historia. Ukiandika "kuuliza kwa barua pepe, tarehe 14", umejipa kazi ya kufanya.

Jambo jingine ambalo waombaji wengi hulisahau: hifadhi tangazo lenyewe. Waajiri huondoa matangazo mtandaoni muda wake unapokwisha. Ukiitwa kwenye usaili wiki sita baadaye, utahitaji kujua majukumu yaliyotajwa, na kiungo ulichohifadhi kitakuwa kinafungua ukurasa mtupu. Basi siku ile ile unayoliona, lihifadhi kama faili la PDF au linakili lote kwenye hati.

Daftari kama kioo

Daftari lina faida nyingine: huonyesha mahali penye kasoro. Tuchukue mfano. Mhitimu ametuma maombi 20 kwa miezi mitatu. Kama katika hayo 20 hakuitwa hata mara moja, basi tatizo liko mwanzoni: ama anaomba kazi ambazo sifa zake hazilingani nazo, ama wasifu wake hauonyeshi sifa alizonazo, ama nyaraka zinakosekana. Kama ameitwa kwenye mitihani ya kuandika mara tano na hakuendelea, wasifu hauna neno. Anachohitaji ni kujiandaa kwa mtihani. Na kama amefika kwenye usaili mara tatu akaishia hapo, ajizoeze kujieleza mbele ya watu, kwa lugha itakayotumika siku hiyo.

Tena, atazame safuwima ya mahali alipoliona tangazo. Huenda akagundua kwamba majibu yote aliyopata yalitoka kwa shule za binafsi, ilhali nusu ya saa zake anazitumia kwenye tovuti ambayo haijamjibu hata siku moja. Bila daftari, mtu huyu angebaki akisema, "Nimeomba kila mahali, hakuna kazi." Maneno hayo huumiza, kisha hayamwambii kesho aanzie wapi.

Saa za Kigali na saa za Arusha

Kuhusu tarehe za mwisho, kuna mtego tunaotaka kuueleza kwa makini, kwa kuwa unawahusu watu wa Rwanda hasa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hutumia saa za Afrika ya Kati. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele. Tangazo la Arusha likisema maombi yafike kabla ya saa 11:00 jioni, kwa Kigali mlango unafungwa saa 10:00 jioni. Likisema 23:59 kwa saa za huko, hapa Kigali itakuwa 22:59, yaani saa tano usiku kasoro dakika moja. Anayejipa moyo kwamba atatuma kabla ya saa sita usiku atakuta ukurasa umefungwa.

Mtego wa pili ni wa lugha. Kiswahili na Kinyarwanda huhesabu saa kuanzia macheo. Kiingereza na Kifaransa kuanzia usiku wa manane. "Saa 11:00" katika tangazo la Kiswahili huenda ikawa saa kumi na moja jioni, na katika tangazo la Kiingereza ni saa tano asubuhi. Kwa usaili, tofauti hiyo ya saa sita hutosha kumnyima mtu kazi. Ukiwa na shaka, andika barua fupi ya kuuliza, na katika daftari lako tumia saa 24: 17:00 haina tafsiri mbili.

Mtego wa tatu ni tarehe. Waajiri wa Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi. Kwetu ni tarehe 3 Julai. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Kalenda ya mtandaoni, iliyomo katika simu nyingi, husaidia hapa. Ingiza kila tarehe ya mwisho na uipe vikumbusho viwili: siku saba kabla, na siku mbili kabla. Kikumbusho cha siku saba ni cha kutafuta nyaraka na wadhamini. Cha siku mbili ni cha kutuma. Siku ya mwisho yenyewe iachie mvua, umeme na mtandao.

Nyaraka na barua pepe

Fungua folda moja katika hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nafasi inayotosha vyeti vya mtu mmoja na kubaki. Ndani yake weka folda nne: vyeti, wasifu, barua za maombi, na matangazo yaliyohifadhiwa. Skani vyeti vyote mara moja, kwa ubora unaosomeka lakini usiozidi kiasi, kwa sababu tovuti nyingi hukataa faili kubwa.

Majina ya faili yaeleweke na yule atakayeyapokea. Faili linaloitwa "wasifu mpya wa mwisho kabisa 2" halimwambii mwajiri lolote. Andika jina lako, aina ya hati na lugha yake. Kwa faili zako mwenyewe, tanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, nayo kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano.

Cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai, ambacho waajiri wengi hukidai, huombwa kupitia Irembo, jukwaa la huduma za serikali ambalo jina lake kwa Kinyarwanda ni lango la kuingilia nyumbani. Andika katika daftari tarehe kilipotolewa, kwani mwajiri huenda asikubali cha zamani. Waliosoma nje ya nchi waanze mapema kuomba ulinganifu wa shahada zao katika Baraza la Elimu ya Juu (HEC). Hilo si jambo la kukimbilia siku tangazo linapotoka.

Uwe na anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi, na uitumie kwa kazi tu. Ndani yake tengeneza lebo kwa kila hatua: maombi, mitihani, usaili. Pitia pia kisanduku cha barua taka kila wiki. Mialiko ya usaili hutupwa humo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Matapeli na usalama

Wanaotafuta kazi ni windo jepesi. Husambazwa matangazo kwenye makundi ya WhatsApp yenye nembo za mashirika yanayojulikana, mshahara mkubwa kupita kiasi, na mwishoni ombi la kutuma pesa kwa simu za "kufungulia faili" au "kulipia mafunzo". Kanuni ni fupi: mwajiri wa kweli hakudai pesa ili akupe kazi. Kabla ya kutuma chochote, fungua tovuti rasmi ya shirika hilo kwa kuandika anwani yake mwenyewe, na usipolikuta tangazo, piga simu ya ofisi yao. Ofa za kazi za nje ya nchi zichunguzwe maradufu, hasa zinazotaka uondoke upesi au ukabidhi pasipoti.

Taarifa zako zina thamani. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 ya kulinda data binafsi na faragha, lakini sheria humsaidia zaidi aliyejilinda. Wasifu hauhitaji namba yako ya kitambulisho yenye tarakimu 16, wala majina ya wazazi. Ukitumia kompyuta ya watu wote, kwa mfano kwenye mkahawa wa intaneti au katika Maktaba ya Umma ya Kigali pale Kacyiru, toka kwenye akaunti yako na ufute faili ulizopakua.

Kile ambacho daftari haliwezi

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Lahajedwali haliundi nafasi za kazi. Mhitimu anaweza kupanga kila kitu vizuri na bado akangoja mwaka mzima, wala hilo si aibu yake. Isitoshe, kazi nyingi za Kiswahili mjini hapa hazifiki mtandaoni kabisa: mwenye hoteli anamwuliza rafiki, mwalimu mkuu anamwuliza mwalimu, mfanyabiashara wa Biryogo anataka mtu wa kumwandikia barua za kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo daftari liwe na ukurasa wa pili, wa watu: umezungumza na nani, lini, alisema nini, na utamrudia lini. Nao wadhamini wako wapewe taarifa kila unapowataja, ili simu ya mwajiri isiwakute wameduwaa.

Faida ambayo daftari linaiweza hakika ni hii: hakuna nafasi itakayokupita kwa kusahau, na kila jibu la "hapana" litakuwa limekufundisha jambo. Mtafutaji hachoki, husema Waswahili. Nasi tunaongeza kwamba mtafutaji mwenye daftari huchoka polepole zaidi.

Zoezi la wiki hii

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tunashauri mambo matatu yafanyike kabla ya Jumapili. Kwanza, fungua lahajedwali na uandike safuwima nane tulizozitaja. Pili, tafuta matangazo matatu yanayohitaji Kiswahili, ukitumia maneno "Kiswahili", "Swahili" na "Igiswahili", na uyaandike hata kama hujahitimu. Utajua waajiri wanadai nini wakati bado una muda wa kukijifunza. Tatu, kaa na mwenzako, kila mmoja asome daftari la mwingine na kumwuliza swali moja tu: hatua yako inayofuata ni ipi, na ni lini?

Tunawatakia kazi njema ya kutafuta kazi.